Begi Limetangulia

Mpaka leo ukiniuliza mama yangu aliondoka Kathmandu siku gani, nitakujibu kwa kusitasita.

Safari yenyewe nilipewa mimi niipange, Semduk, binti wa pekee aliyebaki mjini, kana kwamba kuna mtu mtaani kwetu Boudha anayeweza kumpangia Mama Yangkyi chochote. Alitaka jambo moja tu: kumwona dada yake Lhazom, huko Dolpo ya juu, kabla theluji haijafunga njia. Lhazom ana miaka themanini na mbili na kifua kibovu. Hawajaonana miaka thelathini na moja, na wote wawili walijua kwamba wasipoonana mwaka huu, basi tena.

Nikapata nafasi kwenye ndege ya Jumanne. Mama akaenda kwa lama, mtawa wetu anayesoma nyota, na kurudi amenuna.

"Jumanne ni nuksi kwa aliyezaliwa mwaka wa sungura," akasema. "Siku yangu ni Ijumaa."

"Ijumaa hakuna ndege, Mama."

"Basi nitaondoka Ijumaa, nisafiri Jumanne."

Hilo halikunishangaza, maana ndivyo tufanyavyo sote. Siku ya heri isipokubaliana na ndege, unatanguliza kitu chako kwa jirani, safari inahesabiwa imeanza, kisha unakuja kukichukua njiani. Ijumaa alfajiri nikashusha begi lake hadi kwa Kunsang, ghorofa ya chini. Ndani mlikuwa na joho lake la sufu, nguo zote nzuri, na shanga za ujana wake. Juu nilifunga kitambaa cheupe cha baraka. Kitambaa hicho nilikifunga mimi, kwa mkono wangu, na bado kinanichoma.

Jumanne nikashuka kulichukua. Kunsang akanitazama kama mgeni.

"Si lilishakwenda? Jigdal kalibeba Jumapili, kapeleka watalii Dolpo. Nikadhani mmemtuma."

"Nani amtume?"

"Mimi sijui, nilikuwa kazini."

Jigdal ni mumewe. Alisomea bwenini Darjeeling tangu ana miaka sita. Mambo ya ndege anayajua, ya kutanguliza begi hayajui. Alikuta begi mlangoni lina kibandiko cha Lhazom na kijiji chake, akaona atusaidie. Nilishindwa hata kukasirika, na mimi hasira haziko mbali.

Nikapanda kumwambia Mama. Teksi ilikuwa inapiga honi nje.

"Twende hivyo hivyo, utalikuta huko."

"Niende vipi? Mimi nimeshaondoka Ijumaa."

"Mama, umekaa hapo kitandani."

"Begi liko njiani, na aliyeondoka ni mwenye begi. Mtu anaondoka mara mbili? Ngoja lirudi."

Nikabembeleza, nikagomba, nikalia kidogo. Ndege ikaruka bila yeye. Jigdal hakupatikana kwa simu, wala kijijini kwa Lhazom; kule milimani mtandao huja unapotaka. Siku kumi tukaishi hivyo. Mama alikula, akalala, akazungusha gurudumu lake la sala, lakini jirani akimwita dirishani hajibu, kwa kuwa hayupo. Nilianza kuogopa kwamba kichwa kinachoharibika ni changu.

Ijumaa ya pili simu ikalia. Ilikuwa sauti ya bibi kizee, inakatika kwa kikohozi.

"Semduk, mwanangu. Mdogo wangu amekufa siku gani?"

Nilielewa papo hapo. Kwetu nguo zilizokunjwa zikifika bila mwenyewe, zimefungwa kitambaa cheupe, hakuna anayeuliza maswali. Zinapelekwa kwa lama amwombee marehemu. Mama mkubwa Lhazom alikuwa amemwashia taa za siagi, za kuombea wafu, siku tatu bila kula.

Nikafungua spika, nikampa Mama simu.

"Dada, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Yangkyi. Sijafa. Nilitanguliza begi."

Kikohozi kikasikika, kisha pua ikafutwa.

"Nimekulilia mpaka macho yamekauka," Lhazom akasema. "Ukifa kweli sina chozi la kukutolea. Taa nitazizima zote, nabakiza moja. Hiyo nitaizima nikikushika mkono, nisije nikakosea tena. Na njia itafungwa, Yangkyi, upepo umeshageuka."

Mama akakata simu.

"Kuna ndege lini?"

"Kesho." Nikafungua kalenda. "Lakini kesho ni nuksi, mbaya kuliko ile Jumanne."

"Kwa anayeondoka," akasema. "Mimi niliondoka siku kumi na nne zilizopita. Kesho nafuata begi langu."

Asubuhi yake akatoka na koti langu mwilini, mikono mitupu.