Kichupa cha Keki ya Siagi

Nyumbani walimwita Mkemia tangu alipoajiriwa maabara, na kwa miaka mingi jina hilo lilimkolea masikioni kuliko lile alilopewa na wazazi. Mama yake alikuwa hakai na mgeni bila kulitaja. Hata fundi aliyekuja kuzibua sinki aliondoka akijua kwamba kifungua mimba wa nyumba ile ni mkemia.

Kisha mdogo wake, Kitinda, aliyefukuzana na shule mpaka shule ikamchoka, akafungua duka la sigara za kielektroniki. Yale majimaji ya kuvutwa aliyachanganya mwenyewe katika chumba cha nyuma: gliserini, ladha za kila namna, na nikotini kwa waliotaka. Ladha yake ya keki ya siagi ikawa gumzo, vijana wakapanga foleni mpaka barabarani. Kitinda akamnunulia mama makochi mapya, akaipaka nyumba rangi, na taratibu wageni wakaanza kusikia habari nyingine. Sasa ilikuwa ni mwanangu wa mwisho, mwenye duka, kijana ana mkono wa baraka huyo.

Mkemia aliyakalia makochi yale kama aliyekalia miba. Alitabasamu, akamaliza chai, akarudi kwake roho ikimchoma. Mkewe alimwambia kwamba hicho ni kijicho, hakina jina jingine. Alimnunia kutwa nzima, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Siku moja Kitinda alimjia mwenyewe na kichupa cha keki ya siagi. Alitaka kipimwe, apate karatasi ya kubandika ukutani dukani.

"Kaka, wewe ukisema ni safi, nani atabisha?" alisema, akakohoa, akacheka.

Mkemia alikitia mfukoni upesi mno. Alichoomba kimoyomoyo ni kukuta uchafu.

Kesho yake alichukua tone, akaliyeyusha, akalitia kwenye mashine inayochambua mchanganyiko na kuchora kila kemikali kama kilele kwenye mstari. Alianza na nikotini, maana lebo ilidai haimo, na wachanganyaji wengi hudanganya hapo. Kweli haikuwamo. Gliserini nayo ilikuwa nzuri, haina mawaa. Akajihisi kama mtu aliyenyang'anywa tonge. Akarudia kuutazama mstari, safari hii polepole, akaikuza sehemu ya mwanzo, na hapo palikuwa na kilele kidogo alichokiruka. Akakilinganisha na diasetili halisi waliyokuwa nayo kabatini. Vikaoana kama pacha.

Diasetili ndiyo huleta ile harufu ya siagi. Kwenye biskuti haina neno. Ikivutwa kwa mvuke siku nenda siku rudi, inaweza kutia makovu kwenye vijia vidogo vya mapafu, na makovu hayo hayafutiki.

Mkemia akacheka peke yake. Meza ya pili alikaa mama mmoja wa makamo, waliyempachika jina Mama Mizani kwa kuwa hupima kila kitu mara mbili. Akageuka kumuuliza ameokota nini. Mkemia akamweleza, raha ikimtoka mpaka kwenye sauti. Mama Mizani akaja, akatazama, akakubali kwamba ndiyo yenyewe, akataka kujua kichupa ni cha nani. Alipoambiwa ni cha mdogo wake, akauacha mstari, akamtazama yeye.

"Na yeye anavuta?"

Mkemia alikitazama kile kichupa. Kitinda hakuwahi kuuza ladha ambayo hajaijaribu kwa kifua chake mwenyewe. Kile kikohozi amekisikia miezi mingapi? Alichokuwa akikisikia yeye ni kicheko kinachofuata, kikamkera.

Ungedhani hapo moyo wake ulilainika. Haukulainika wote. Jumapili alikwenda kwa mama na hofu na ushindi vikiwa vimefungwa kitita kimoja, na ushindi ndio uliotangulia kutoka. Hakumwita mdogo wake pembeni. Alitangaza mbele ya mama, shangazi na majirani wawili kwamba duka lile linauza ugonjwa. Shangazi akajiziba mdomo. Mama akainamisha kichwa, akawa anapapasa mkono wa kochi.

Kitinda hakujitetea. Aliuliza jambo moja tu.

"Ni hiyo ya siagi, au zote?"

"Nimepima hiyo tu."

"Basi nipimie zote, kaka."

Akaondoka chai haijapoa. Kabla jua halijazama alikuwa ameteremsha vichupa vyote, amefunga duka, anawapigia simu wateja mmoja mmoja awaambie waache kuvuta. Wiki hiyo Mkemia alimpeleka hospitali. Daktari alisema vijia vya hewa vimeanza kuvimba, asiguse tena mvuke, na watamfuatilia. Huenda amewahi, huenda hakuwahi.

Mama hakukawia kupata la kuwasimulia wageni. Kijana kafunga duka mwenyewe, hakungoja kusukumwa, wangapi wangeweza? Na kaka yake naye alimsaidia.

Naye alimsaidia. Neno lile lilimkwama Mkemia kooni kama mwiba wa samaki. Hata katika kosa, Kitinda alikuwa amempita.

Vichupa vilivyobaki alivipima baada ya saa za kazi kwa ruhusa ya mkuu wake, huku Mama Mizani akihakiki. Kila mstari ulipoanza kujichora kwenye kioo, upande mmoja wa moyo wake uliomba kilele kile kitokee tena. Aliusikia ukiomba, akauonea haya, nao haukukoma. Kilitokea kwenye ladha ya karameli na ya maziwa. Ladha za matunda zote zilitoka safi.

Akampigia simu mdogo wake. Kitinda alipokea kabla simu haijaita mara ya pili.

"Haya kaka. Niambie."

Mkemia alikuwa na karatasi za majibu mbele yake, zile mbili mbaya zikiwa juu. Akazihamishia chini, akakohoa kusafisha koo, akaanza na zilizo safi.