Gauni Lililopimwa Kigodani

Kabla sijastaafu nilikuwa nashona maturubai ya malori. Nasema hivi bila majivuno, maana majivuno yote niliyamaliza mwaka ule lori lilipotumbukia mtoni likazama, turubai langu likabaki linaelea na magunia juu yake, makavu kabisa, hadi ng'ambo. Wenye mzigo walilikuta limeshapanga foleni ya kushushwa. Wapo wanaobisha. Hao wanaobisha hawakuwepo.

Kwa hiyo jioni moja mke wangu alipotandaza kitambaa chake cha zambarau mezani na kuuliza atampata wapi fundi wa kukimaliza kabla ya Jumamosi, mdomo uliniponza.

"Fundi wa nini? Gauni ni turubai lenye mikono."

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye huja kwetu kula na kunisahihisha, aliweka kijiko chini. "Dada, umesikia? Utafunikwa, halafu ufungwe kwa kamba."

Mke wangu hakucheka. Jumamosi alikuwa anaagwa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, alikofua shuka za wodi tangu usichana wake. Kitambaa kile alikuwa amekifungia sandukuni akingoja siku yenye hadhi yake.

"Nisikilize, Baba Watoto," alisema. "Pale wamezoea kuniona na sare ya kijani. Siku ya kuniaga nataka niingie nimevaa changu. Na kitambaa ndicho hiki, hakina ndugu. Ukikiharibu, nitawaaga watu nikiwa na sare, halafu nikirudi nakuaga wewe."

"Na pateni ya kukatia unayo?" shemeji akadakia.

"Pateni ni ya wenye mashaka."

Nilisema kweli. Sisi watu wa maturubai hatukujua karatasi wala mchoro. Lori likija, tunarusha turubai juu yake, tunavuta pembe, linapogusa tunapiga chaki, tunakata. Basi. Hakuna lori lililowahi kurudi kulalamika kwamba linabanwa kwapani.

Kesho yake asubuhi mke wangu alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Nikamnyemelea kwa nyuma nikamrushia kitambaa, kikamfunika mzima, yeye na ungo wake.

"Nini hiki! Nimekufa?"

"Usitikisike. Nakupima."

"Si niinuke kwanza?"

"Ukiinuka utaniharibia mistari. Endelea na mchele wako."

Nikamzunguka na chaki. Nikavuta mbele, nikavuta nyuma, nikatia alama pale kitambaa kilipogusa sakafu, pande zote, safi kama kazi ya kiwandani. Ikabaki shingo. Nikapapasa kutafuta kichwa kiko wapi.

"Hiyo ni pua, mzee."

"Najua. Nilikuwa naihakikisha."

"Na huo mkasi uko wapi?"

"Uko mbali."

Ulikuwa karibu na sikio lake, lakini ndoa haijengwi kwa kuelezana kila kitu. Nikakata tundu, kichwa kikatoka, kina punje mbili za mchele kwenye nywele na macho ya mtu anayehesabu hadi kumi.

Nilishona kwa mshono wetu, ule wa kukunja mara mbili na kupitisha uzi mara tatu. Cherehani yangu ina nguvu hivi kwamba ukiikanyagia vizuri kuku wa jirani huacha kutaga kwa heshima. Vipande vilivyobaki nikavifanya mifuko, mikubwa, ya kuingia nyundo. Nilikaa na gauni lile mpaka Jumamosi yenyewe, nikaweka uzi wa mwisho shemeji akiwa amesimama mlangoni anagonga saa yake kwa kidole.

Mke wangu akalivaa akiwa ameketi kitandani. Jamani! Zambarau ilimwagika kutoka mabegani, ikapita magotini, ikatua chini bila mkunjo. Hata shemeji alisahau kunisahihisha, jambo ambalo hospitali wangelitibu kama ugonjwa.

"Baba Watoto," mke wangu akasema polepole, "kumbe una mikono."

Kisha akasimama.

Mbele, gauni lilifika sakafuni kama la bibi harusi. Nyuma lilikuwa juu ya magoti, kama la mtoto wa chekechea.

"Mungu wangu," shemeji akasema. "Dada, nyuma kumekwenda wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu aliyekaa kwenye kigoda, mgongo wake na sakafu ni majirani. Kitambaa cha nyuma kilishuka wima, kikafika upesi, nami nikakata. Cha mbele kilipanda mapaja, kikavuka magoti, ndipo kikashuka. Nilimpima mke wangu kama lori, na lori halina tabia ya kuinuka.

"Tukate mbele kulingane," nikapendekeza.

"Nitoke na mapaja, na umri huu?"

"Tuongeze nyuma."

"Kwa kitambaa gani? Umeshona mifuko ya nyundo!"

Sare ya kijani ilikuwa ukutani, imepigwa pasi. Mke wangu akaitazama. Nikaona mkono wake unainuka kuelekea msumarini, roho yangu ikashuka hadi kwenye soksi. Mkono ukafika, ukaigusa sare, ukarudi.

"Twende," akasema. "Nitawahi kiti."

Tukaenda. Yeye ameshika kitambaa cha mbele ngumini, shemeji anamfuata nyuma karibu karibu kama pazia linalotembea, nami nyuma ya wote, nikimtazama kwa ukali kila aliyetaka kutazama. Tukaingia ukumbini kabla ya watu. Mke wangu akaketi kiti cha mbele, akajipanga, na kila aliyeingia alisema, "Aah, mama, leo umetuweza!"

Mambo yalikwenda vizuri mpaka daktari mkuu alipochukua kipaza sauti. Zawadi ilikuwa shuka mbili, sijui nani aliwashauri.

"Tunamwomba mama yetu asimame, aje apokee."

Mke wangu akatabasamu. Hakusimama.

"Mama, tafadhali, usimame."

"Daktari," akajibu, "njoo wewe."

Ukumbi ukafanya "Heee!" Daktari akatazama huku na huku, akashuka jukwaani, akaja, akainama akampa shuka zake. Sijawahi kuona daktari akiinama hivyo isipokuwa kutafuta kalamu.

Lakini yupo mwanamke mmoja wa pale kufulia, tunamwita Bi Pasi kwa sababu kila jambo lenye mkunjo lazima alinyooshe. "Mbona hainuki?" akauliza kwa sauti. "Mgongo? Magoti? Mwenzetu anaumwa tusijue! Hebu tumwinue!" Na wenzake watatu wakaanza kukunja mikono ya sare.

Nikafumba macho. Nikasikia kiti kinakwaruza. Nilipofumbua, mke wangu alikuwa amesimama mwenyewe. Akageuka taratibu, mzunguko mzima, kila mtu akaona.

Vicheko vilipasua paa. Bi Pasi alilia machozi. Mke wangu akangoja, akanyoosha mkono, daktari akampa kipaza sauti bila kuombwa.

"Mnacheka nini? Kwenye beseni mmeniona nimesimama. Kwenye pasi, nimesimama. Nikirudi nyumbani, jikoni, nimesimama. Sasa mume wangu, yule pale anayejificha nyuma ya mwenye kofia, amenishonea gauni kwa mkono wake. Nikikaa, ni malkia. Nikisimama, ndiyo hivi. Nimemwelewa. Anasema mimi nikae, kazi zilizobaki atasimama yeye. Si ndiyo, mzee?"

Mimi sikuwa nimesema hivyo. Sikuwa nimesema kitu chochote. Lakini wafuaji wote walishaanza kunipigia makofi na vigelegele, Bi Pasi ananiita mwanamume kweli, na mtu akishapigiwa vigelegele hana mahali pa kukata rufaa.

"Ndiyo," nikasema.

Tangu siku hiyo analivaa gauni lile nyumbani, na akilivaa hainuki. Majuzi nilipata kipande cha zambarau, rangi ile ile, nikamletea nikiwa nimeshatia uzi kwenye sindano. "Mama Watoto, nipe gauni dakika moja tu, nikuongezee nyuma."

Akakitazama kitambaa. Akanitazama mimi. Akanikabidhi kikombe kitupu.

"Ili iweje?" akauliza.