Mate ya Brandon

Nereah hakuona kama amedanganya mtu. Siku watafiti wa pumu walipofika mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi, kuchukua mate ya watoto, mwanawe Billy aliwatoroka akajificha uvunguni mwa kitanda cha jirani. Foleni nayo haikumngoja. Basi akamsukuma mbele Brandon, mtoto wa dada yake Aoko, aliyekuwa amekuja kuwatembelea kutoka Kibera. Wote wana miaka minne, na kwao mtoto wa dada ni mtoto wako. Damu ni moja, mate yatatofautianaje? Kwenye kichupa wakaandika: Billy.

Alhamisi mchana, Nyawira, muuguzi wa utafiti huo, akapiga simu.

"Mama Billy, majibu yametoka. Kuna jeni fulani amerithi. Mafua ya kawaida yakimshika, virusi vinaingia kifuani rahisi kuliko kwa watoto wengine. Si lazima agonjeke, lakini kifua inaweza kumbana vibaya, hadi uone mbavu zikiingia ndani akipumua. Usimweke karibu na mtu ako na mafua, sawa?"

Nereah nusura acheke. Billy ana mafua tangu Jumatatu na anarukaruka kama mwanambuzi! Kisha akakikumbuka kile kichupa. Majibu hayo hayakuwa ya Billy. Na Billy mwenyewe yuko Laini Saba, kule Kibera, kwa Aoko, alikompeleka Jumanne na kamasi zake ili yeye aende kibarua. Siku ya tatu hii anakula sahani moja na Brandon na kulala naye kitanda kimoja.

"Sista, watoto wa familia moja si wanakuwanga sawa?" aliuliza.

"Hapana. Hata wa tumbo moja hutofautiana. Kwani kuna nini?"

Nereah alikata simu, akampigia Aoko.

"Brandon ako aje?"

"Ako na kamafua kadogo, amepewa na huyu wako," Aoko alicheka. "Leo hata amenipatia amani. Amekaa tu hapo wima, hataki kulala, hataki kuongea."

"Mwinulie tisheti. Angalia mbavu."

Huko nyuma Billy alisikika akiimba, mzima wa afya.

"Nereah," Aoko alisema, na hakuwa akicheka tena, "mbona ngozi inaingia ndani akipumua?"

"Mbebe! Kimbia hospitali, saa hii!"

Mlango ukabamizwa. Zikasikika hatua za mbio, na juu yake pumzi za mtoto, fupifupi, zikipiga mluzi.

"Lakini wewe," Aoko aliuliza huku akihema, "umejuaje?"