Kiti Chenye Mbavu

Haya, nitegulie hiki: kiti gani kina mbavu, kinatoka jasho, na asubuhi kimekunywa chai?

Umeshindwa? Nipe mji, basi. Ni Dorcas Pym, yaya wa nyumba ya Lodi Harcastle, mwungwana wa Uingereza, aliyeketi sebuleni amefunikwa gubigubi kwa pazia jekundu la mahameli. Mapajani mwake, juu ya pazia, alikaa Peregrine, mtoto wa kiume wa Lodi, wa miaka minne, kavaa gauni jeupe la lesi kama desturi ya wavulana wadogo wa siku zile, nywele za mawimbi hadi mabegani. Kesho yake zingekatwa, avalishwe suruali yake ya kwanza, kisha ahamie kwa mwalimu, atoke mikononi mwa yaya. Ndiyo maana mama yake alitaka picha leo, baba aondoke nayo jioni kwenda Bara Hindi na kikosi chake cha jeshi. Picha ya mtoto peke yake. Yaya amshike atulie, ila asionekane hata ukucha.

Vioo viwili, ambavyo kamera ilinasia picha, vilikwisha haribika. Katika cha kwanza mtoto alitingishika, akatokea na vichwa vitatu. Katika cha pili alikuwa kainama, anamchungulia yaya chini ya pazia.

"Kimebaki kimoja," alisema Bwana Tunnicliffe, mpiga picha. "Hiki nacho kikiharibika, mheshimiwa atasafiri na picha ya farasi wake."

"Kwani farasi alitulia?" aliuliza Bibi Averil, mama mtu.

"Farasi ana adabu, bibi."

Ndani ya pazia, Dorcas alibana kicheko. "Bwana mdogo, acha kunifinya. Mimi sasa ni kiti. Umeona wapi kiti kikifinywa?"

"Kiti kinaongea!" Peregrine alipiga makofi. "Kina pua?"

"Kinayo, tena inawasha, na siwezi kuikuna kwa ajili yako. Tazama mbele huko!"

Bwana Tunnicliffe alizama ndani ya kitambaa cheusi cha kamera, akaibuka nywele timutimu. Akashika kifuniko cha lenzi. "Nahesabu hadi kumi na mbili. Asipumue mtu."

"Kiti," Peregrine alinong'ona, "kesho nikivaa suruali, utanibeba tena?"

Kifuniko kilikwisha toka; picha imeanza kupigwa.

"Moja. Mbili."

Dorcas aliuma midomo. Akijibu, mbavu zitatikisika, na mtoto pamoja nazo. Asipojibu? Alingoja ile miguu midogo ianze kurusha mateke.

"Tano. Sita."

Wapi! Peregrine alikuwa katega sikio. Kidevu juu, macho wazi, mwili mzima umetulia tuli, anasubiri kiti kiseme. Tone la jasho lilishuka kwenye pua ya Dorcas, likaning'inia, likadondoka. Bibi Averil alijiziba mdomo kwa leso.

"Kumi na moja. Kumi na mbili!"

Kifuniko kikarudi. "Ametulia! Jamani, ametulia!" Bwana Tunnicliffe alichomoka na kioo chake kwenda kukiosha gizani, akijigonga mlangoni.

Peregrine hakugeuka kumtazama. Bado alikuwa anasubiri.

Pazia likafunuka. Ikatokea kofia iliyokwenda upande, na chini yake uso mwekundu kama nyanya.

"Hata ukiota ndevu nitakubeba, bwana mdogo," alisema Dorcas. "Ila kwenye ngazi utaniacha nipumzike."