Mnada wa Nyuma ya Nyumba ya Mama Evelina

Kengele ilikuwa imeshagongwa mara ya pili, na ndani ya kanisa la Kiseke alikuwemo Mwinjilisti Machibya, kinanda kipya, na bibi mmoja kiziwi ambaye alikuwa amekwisha kusinzia.

Siku yenyewe ndiyo hiyo ambayo Mchungaji alikuwa njiani kutoka Mkuyuni, kuja kuona kama usharika huu mdogo bado una uhai au uunganishwe na wa kwake, na jengo lifungwe. Likifungwa, wazee hawataweza safari ya kwenda Mkuyuni kila Jumapili. Watabaki nyumbani, basi.

Na Machibya alikuwa amejitahidi, jamani! Tangu atoke chuo cha Biblia alikuwa akihangaika kuwaamsha watu hawa. Alileta kinanda. Alianzisha kwaya ya vijana. Kisha akafuta mnada, na hilo ndilo alilojivunia kuliko yote. Zamani, ibada ikiisha, watu walisimama nje kunadi sadaka za mazao: kuku, mayai, viazi vitamu, huku wakipiga kelele na kutaniana kama wako gulioni. Machibya aliona haya. Akatangaza kwamba kila mtu auze mazao yake sokoni na kuleta sadaka ndani ya bahasha, kwa utulivu, kwa heshima ya Bwana. Wote walisema "Amina." Halafu wakaanza kupungua, Jumapili hadi Jumapili, na yeye hakuelewa kwa nini.

Alitoka kwenda kuwatafuta. Hakufika mbali. Nyuma ya nyumba ya Mama Evelina, mzee wa kanisa, alisikia kicheko kikubwa. Akachungulia juu ya ua wa minyaa.

Usharika wote ulikuwa pale, na nguo zao za kanisani.

"Boga hili limetoka Magu, limelipiwa nauli!" Mzee Nkwabi alikuwa amelinyanyua juu. "Pius, wewe nani amewahi kukulipia nauli?"

"Buku!" Pius alijibu, akipunga noti ya elfu moja.

"Buku? Na mkeo anakusikia?"

"Buku mbili, na unyamaze!"

Pius alilichukua boga, akalipeleka moja kwa moja kwa Sabina, aliyekaa mkekani na kichanga chake. Vigelegele vikapigwa. Machibya akabaki mdomo wazi. Pius na mume wa Sabina walikuwa wamegombania mpaka wa kiwanja, na yeye mwenyewe alishindwa kuwapatanisha.

Akaingia uani. "Shikamoo, mama."

Mama Evelina alishtuka. "Marahaba, mwanangu. Usikasirike. Tulisema tumalize kabla ya kengele."

"Kengele imeshagongwa mara mbili, mama."

"Wee! Kwa kelele hizi?"

"Kama mliutaka mnada, kwa nini hamkuniambia?"

"Siku ile uliongea vizuri mno, mwanangu, na machozi yanakulengalenga. Nani angekukatalia? Tukasema Amina."

Simu ya Machibya ikaita. Alikuwa Mchungaji. "Machibya, nipo kanisani. Namwona bibi mmoja, naye amelala. Watu wako wapi?"

Machibya aliwatazama. Angeweza kuwaswaga wote mpaka kwenye mabenchi, na Mchungaji angelikuta kanisa limejaa. Lakini huo usingekuwa uongo? Na hiki kilichokuwa mbele yake kilikuwa nini, soko alilolifukuza mlangoni mwa Bwana, au Bwana mwenyewe alikuwa ametoka nalo?

"Wapo, Mchungaji. Wako hapa nyuma, kwa Mama Evelina."

"Wanafanya ibada?"

"Sijui," alisema Machibya, na kweli hakujua. "Njoo uone. Ukijua ni nini, uniambie na mimi."

"Mwinjilisti!" Mzee Nkwabi alikuwa na jogoo mkononi. "Unanunua, au unaongea na simu tu?"

"Buku," Machibya alisema, bila uhakika kama anatenda dhambi.

"Jogoo mzima kwa buku! Na wewe ndiye unayetuhubiria kutoa kwa moyo!"

Wakaangua kicheko, na Mchungaji, aliyekuwa bado kwenye simu, akauliza apite upande gani.