Venant Atafuta Babu wa Kuvunja Harusi

Kosa la Arnaud lilikuwa dogo, tena la kizungu. Alikuja Guildford, huku Australia, kujitambulisha kwa baba wa mchumba wake akiwa amevaa kaptura, akanyoosha mkono na kusema, "Hi, Venant." Venant! Kama vile walicheza gololi pamoja. Tangu siku hiyo Venant aliapa kwamba binti yake Lydie hataolewa na kijana huyo, hata kama ana kazi nzuri ya kuendesha forklift kwenye maghala ya Wetherill Park na pombe haonji.

Ila harusi haivunjwi kwa sababu ya kaptura. Lydie angemcheka, na mkewe, Marie-Jeanne, angemnunia mwezi mzima. Ilitakiwa sababu nzito, na kwao nzito kuliko zote ni damu. Watu wenye babu mmoja hawaoani. Wazee wakigundua undugu, hata kama ukumbi umeshapambwa, kila mtu anarudi kwao. Kwa hiyo Venant alihitaji babu tu. Babu yeyote, mradi awe wa Lydie na wa Arnaud pia.

Akasikia kwamba maktaba ya mtaa ina meza ya kuwasaidia watu kutafuta ukoo wao, tena bure. Akavaa koti lake la kanisani, akaenda.

Aliyempokea ni Heather, mama mstaafu anayejitolea pale, mwenye furaha ya mtu ambaye hajapata mteja tangu Krismasi. Alimwonyesha picha za mameya wa zamani, wote na masharubu yao, kisha akamwuliza babu zake walifika Australia kwa meli gani. Venant alijibu kwa adabu kwamba babu zake hawakufika. Amefika yeye, kwa ndege, na mfuko wa plastiki wa shirika la wakimbizi. Heather hakukata tamaa. Alitandaza karatasi kubwa mezani, akamshauri aanze na anaowajua, kisha awapigie wazee simu.

Upande wa Arnaud ulikuwa balaa. Mjomba wa kijana, aliyedhani anaulizwa kwa mapenzi, alimwaga majina ya babu zao wa Kalemie mpaka akaishiwa pumzi, na hakuna hata moja lililomfaa Venant. Watu wema wote, wa mbali kabisa.

Upande wake mwenyewe uliisha upesi. Vita vilimkuta mtoto mdogo, vikamwachia jina la baba, jina la babu, na la baba wa babu, Mushagalusa, mhunzi mwenye jicho moja. Ndugu hakubakiwa na hata mmoja. Hilo huwa halisemi sana, na hata pale alilipitia haraka haraka.

Ukabaki upande wa Marie-Jeanne. Alimpigia shangazi wa mkewe, aliyeko Bukavu, akaweka spika ili Heather naye afaidi.

"Shangazi, natafuta babu za Lydie. Kwetu nimefika kwa Mushagalusa, ule muhunzi wa jicho moja. Na kwenu?"

Kikaja kicheko kilichowafanya wasoma magazeti wote wageuke.

"Mushagalusa wa jicho moja? Si njo babu ya mama yake Marie-Jeanne! Wewe na muke yako muko damu moja, Venant. Mi nilimwambiaka kule kambini, mbele ya ndoa. Hakukuambia?"

Heather, ambaye hakuelewa hata neno, aliuliza kama wamempata mtu. Venant alikubali kwamba wamempata. Alikuja kutafuta undugu wa kuvunja ndoa, na ameupata, ila kwenye ndoa yake.

Nyumbani, Marie-Jeanne alikuwa anakoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo. Shangazi alikuwa ameshapiga simu.

"Ulijua," Venant akasema.

"Nilijua."

"Na ukanyamaza miaka yote! Wazee wangetukataza!"

"Wazee gani, Venant? Ulikuwa unalala peke yako ndani ya hema, unasema hauna mutu hata moja hapa duniani. Na mi nilikuwa nakupenda. Ningekuambia niko ndugu yako, ungefurahi siku moja, kisha ungeniacha juu ya desturi." Akageuza mwiko. "Nikaona heri ukuwe na ndugu bila kujua, kuliko ukose ndugu na muke."

Venant aliitafuta hasira yake asiione. Akakaa kwenye kiti cha jikoni na kulia, mtu mzima na koti lake la kanisani. Kila Jumapili alikuwa akiwaombea ndugu zake waliopotea, kumbe mmoja alikuwa akimfulia soksi.

Lydie aliingia, akasimama mlangoni. Alijua fika baba yake alikwenda maktaba kutafuta nini, akauliza kama undugu umepatikana.

"So, Dad? Are we related? Me and Arnaud?"

Venant alimtazama mkewe, akapenga kamasi.

"Hapana. Umuambie akuje na bajomba yake, tuongee." Kisha, kwa kuwa hata mtu aliyetoka kulia ana heshima yake, akaongeza: "Na avae pantalon. Ndefu."