Jina Lililopanda Ndege

Utani una kwao, na ndani ya ndege si kwao. Hayo yaliwapata mama mmoja dobi na binti yake, na wewe mwenye mtoto na simu, ukimaliza kusoma hapa nenda ukaitazame hiyo simu.

Dobi huyo alikuwa akifua mablanketi ya ndege. Kila asubuhi gari liliyaleta kutoka uwanjani, ishirini katika kila gunia, yakinuka usingizi wa watu wasiojuana. Kazi ile ilikuwa na sheria moja iliyozipita zote: hakuna blanketi linaloingia majini kabla ya kukung'utwa, moja moja, kwa mikono miwili, juu ya meza. Abiria husahau vitu. Yalishaanguka meno ya bandia pale mezani, ikaanguka pete, ikaanguka hata rimoti ya televisheni ya nyumbani kwa mtu. Mwaka wake wa kwanza dobi aliona uvivu, akamimina gunia zima kwenye mashine. Ndani mlikuwa na kalamu moja tu ya wino. Mablanketi ishirini yalitoka na madoa kama chui. Tangu siku hiyo hakusamehe hata leso, na kila mgeni kazini alimwimbia wimbo huo huo, mpaka wenzake wakambandika jina: Mama Kung'uta.

Watoto wake wakubwa walishajitegemea. Aliyebaki nyumbani alikuwa kitindamimba, Kitinda kama walivyomwita, binti wa miaka ishirini na minne, muuguzi mwenye cheti na asiye na ajira. Walikaa vyumba viwili katika nyumba ya wapangaji, ua mmoja, bomba moja, kamba za kuanikia zikipishana juu kama nyuzi za buibui. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, kilikuwa cha kinyozi. Kinyozi alikuwa ameandika mlangoni kwake kwa rangi nyekundu: INTANETI BURE KWA WATEJA. Intaneti yenyewe ilikuwa ya Kitinda. Binti aligawa bando la simu yake kwenye kompyuta ndogo ili atafute kazi, neno la siri likavuja, na wateja wa kinyozi wakawa wananyolewa huku wakitazama mpira kwa jasho la mtoto wa mwenzao. Akibadilisha neno la siri, kinyozi anakuja na maneno ya asali, jirani hanyimwi, na binti hana ulimi wa kusema hapana.

Jumamosi moja mama alikuwa anaanika, pini za nguo mdomoni. Akamsikia binti analalamika. Akazitoa pini akamwambia aipe simu jina la kutisha, kwa sababu simu inayogawa intaneti hutangaza jina lake kwa kila simu iliyo karibu. "Waandikie mna bomu," akasema. "Tuone kidole gani kitagusa."

Walicheka mpaka shuka likaanguka mchangani. Kitinda akaandika kweli: USIGUSE BOMU LIMO. Kinyozi alipoliona alikipiga picha kioo cha simu yake, akaituma kwenye kundi la wapangaji na maneno haya: jamani, tumefikia hapa, kwa bando tu? Kundi zima likacheka. Kesho yake wakaendelea kulila bando kama kawaida. Jina likabaki pale kama msumari ukutani usioning'inizwa kitu. Mwenye nyumba hauoni tena.

Miezi minane ikapita. Kazi ikapatikana, hospitali ya mji wa mbali, na nauli ya ndege wakalipa wao wenyewe hospitali. Kitinda hakuwahi kupanda ndege. Akakaa kiti cha katikati, na pembeni yake bibi mmoja aliyekuwa analia kwa kuwa simu yake imeishiwa bando na hajawaaga wajukuu. Mlango ulikuwa bado wazi. Binti akafanya alichofunzwa, akamsaidia mkubwa. Akawasha intaneti ya simu yake, akamwunganishia bibi kwa mkono wake mwenyewe, wajukuu wakaagwa. Akasahau kuizima. Mazoea yana taabu.

Ndege ilipoanza kutembea kuelekea njia ya kurukia, mwanaume wa kiti cha nyuma alitaka kuzima simu yake, akaona kwenye kioo jina lile. Akamwonyesha mhudumu. Mhudumu akamwambia rubani. Ndege ikasimama mbali na majengo, watu wakateremshwa mbio, wengine bila viatu. Mama mjamzito alianguka kwenye ngazi, akavunjika mkono. Hilo lisisahauliwe: mkono wa mtu ulivunjika.

Habari zilifika pa kufulia kabla ya gunia la tatu. Msimamizi wa kazi akamwita Mama Kung'uta kando, nyuma ya mashine ya kukaushia. Alikuwa mtu wa kusema polepole kama anayehesabiwa maneno. Alimweleza kwamba binti ni mtu mzima, abebe mzigo wake. Kwamba yeye dobi ana kibali cha kufanya kazi za uwanja wa ndege, na kibali hakipendi ndugu wa watuhumiwa. Kwamba akiulizwa, jibu zuri kuliko yote ni hajui lolote kuhusu simu.

"Mzigo wenyewe niliufunga mimi," mama akajibu, akavua aproni. "Nani ataubeba kama si mimi?"

Kituo cha polisi cha uwanjani kilikuwa chumba chenye meza ya chuma, feni inayolia na picha ya ndege ukutani. Kitinda alikaa kwenye benchi, macho yamevimba, bado amevaa blauzi aliyoinyoosha kwa ajili ya siku ya kwanza kazini. Mpelelezi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka hutafuta njia fupi. Maelezo ya binti alishayaandika, karatasi mbili, zimebaki sahihi tu. Alimwambia mama kwamba mambo ni mepesi: binti akikiri, hakimu atamwonea huruma, na mapema wiki ijayo watakuwa wamesahau. Kitinda alishaishika kalamu. Alitaka kwenda nyumbani, basi.

"Weka chini," mama akasema.

"Mama, nimechoka."

"Weka kalamu chini, mwanangu. Hatujakung'uta."

Akaivuta karatasi, akaanza kusoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Mpelelezi akatazama saa. Akamwuliza kwa upole wa dharau amesoma mpaka wapi.

"Darasa la saba, afande. Lakini kusoma tulimaliza darasa la pili."

Binti aliye kwenye benchi nusura acheke. Kidole kikaendelea, kikafika katikati ya karatasi ya pili, kikasimama. Hapo ndipo kalamu ya wino ilipokuwa imejificha. Maelezo yalisema kwamba mtuhumiwa aliiandika taarifa ile ya uongo siku ile ile, ndani ya ndege, kwa makusudi ya kuizuia isiruke, akishirikiana na wengine ambao hawajakamatwa.

Mama akauliza hao wengine ni akina nani. Mpelelezi akasema ni lugha ya kawaida ya kiofisi. Mama akauliza kuhusu makusudi. Akajibiwa kwamba nayo ni lugha ya kawaida. Basi akanyoosha mkono kwenye kitabu cha sheria kilichokuwa chini ya kikombe cha mpelelezi, akaomba asomewe panapohusu ndege, taratibu, kama anavyosomewa mtoto. Mpelelezi akakitoa kikombe. Labda alidhani kitabu kitamnyamazisha.

Akasoma. Anayeteka ndege au kupanga na wenzake kuiteka kwa nguvu au kwa vitisho, kifungo cha maisha. Anayetoa taarifa akijua kuwa ni ya uongo, akaihatarisha ndege na waliomo, miaka mingi ambayo mama hakutaka kuihesabu. Chini kabisa, kwa herufi zile zile lakini kama mtoto wa kambo, anayesababisha taharuki kwenye ndege kwa uzembe.

"Rudia ile ya katikati," mama akasema.

Akarudia.

"Akijua. Hapo hapo, afande. Mwanangu alijua nini? Alijua bibi analia." Akaisukuma karatasi katikati ya meza. "Kosa letu tupeni, tutalibeba mpaka mwisho. La mtu mwingine msitupandishie mgongoni. Hii haisainiwi."

Feni ikalia. Mpelelezi, sasa akimtazama kama mtu, akamwambia kwamba mdomo hautoshi. Alete kitu kinachoonyesha jina lile halikuandikwa siku ile. Mpaka saa kumi jioni. Baada ya hapo karatasi zinakwenda kwa mwendesha mashtaka zikiwa na sahihi au bila.

Mama alimwacha binti na agizo moja: asitie hata nukta mpaka arudi.

Simu ya Kitinda ilishafungiwa kama kielelezo, na ya mama ilikuwa ya vitufe, haina kundi wala picha. Picha ilikuwa kwa kinyozi. Alimkuta ana mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Kinyozi alishasikia, na alishakuwa mgonjwa: tumbo, kichwa, mguu. Alisema picha ile hana hakika kama bado ipo. Alisema polisi si watu wa kutembelewa. Mwishowe akasema ukweli, kwa sauti ya chini, kwamba wataanza kumwuliza kwa nini alikuwa anakula bando la mtu, na wateja wake watamwonaje.

"Watakuona kinyozi mwizi wa bando," mama akamwambia. "Wanakuona hivyo tangu mwaka jana, jirani. Wewe ndiye hujui."

Mteja wa nusu kichwa akakohoa. Mama akakaa kwenye kiti cha pili cha kunyolea, akajifunika kile kitambaa shingoni, akakunja mikono.

"Dada, unafanya nini?"

"Nakaa. Nitakaa hapa mpaka ndevu zinitoke."

Kinyozi alimtazama kwenye kioo. Wakaingia wateja wawili, wakamwona mwanamke wa makamo amekaa na kitambaa, wakatoka. Akaja wa tatu, akatoka. Dakika ishirini. Mteja wa nusu kichwa akasema ndugu yangu, nenda na huyu mama, mimi nitavaa kofia. Kinyozi akazima mashine.

Njiani alifungua kundi la wapangaji, akapandisha, akapandisha, akipita harusi za watu na mgao wa maji, mpaka picha ikatokea. Tarehe ilikuwa chini yake, ya miezi minane nyuma, na chini ya tarehe vicheko kumi na vinne vya wapangaji. Kituoni akamkabidhi mpelelezi simu, na bila kuulizwa akatamka kwamba bando lile alikuwa akilila yeye. Akajisikia vibaya, kisha akajisikia mwepesi.

Mpelelezi akainakili picha. Akasema inatosha, mama aende. Mama hakwenda. Alisema kuna jambo halijaandikwa: jina lile si mawazo ya mtoto, ni yake yeye, na lazima liwemo. Mpelelezi akaweka kalamu chini. Akamwonya kwa kweli, kama mtu anavyomwonya mama yake, kwamba akiandika hivyo kibali chake cha kazi kitakwenda siku hiyo hiyo, na huenda naye akaitwa mahakamani. Picha imeshamwokoa binti. Kujitia humo ni kwa nini?

Kitinda naye akasema, mama, achia hapo.

"Nikiachia hapo, itaonekana umelitoa jina kichwani mwako kwenda kutisha watu. Nikisema, ni upuuzi wa mama na mwanawe kwenye kamba ya nguo. Hakimu lazima auone upuuzi wetu wote, si nusu." Akageuka kwa mpelelezi. "Andika, baba. Au nipe kalamu niandike mwenyewe."

Akapewa kalamu. Akaandika karatasi moja na nusu, herufi kubwa za shule ya msingi, pini za nguo zimo, shuka lililoanguka limo. Akaisoma kwa kidole tangu mwanzo. Ndipo akatia sahihi.

Mwendesha mashtaka alizisoma karatasi zote. Makusudi yakafutwa, na wale wengine ambao hawajakamatwa wakafutwa. Likabaki kosa la uzembe. Kitinda alilikiri akiwa amesimama wima, bila wakili wa kumshika mkono, kisha akageuka kumwomba radhi mama mjamzito aliyekuja na mkono kwenye bandeji. Yule mama hakuitikia, na hakulazimika. Hakimu alitoa kifungo cha nje cha miezi sita. Hospitali ilisema italitazama upya jambo lake baada ya hapo. Haikusema ndiyo, haikusema hapana.

Kibali cha dobi kilifutwa kama alivyoambiwa. Msimamizi alikifuata mwenyewe mezani pa kukung'utia, wenzake wakitazama, na hakuweza kujizuia kumwambia kwamba angenyamaza angekuwa bado na kazi.

"Ningekuwa na kazi ya kufua mablanketi ya watu," alijibu, "na doa la mwanangu ningelifulia wapi?"

Akakivua kibali shingoni, akakishika kwa mikono miwili juu ya meza, akakikung'uta mara moja, kisha akampa.

Siku hizi anafua nguo za mtaani, uani pale pale. Mlango wa kinyozi umepakwa rangi upya, maandishi mekundu hayapo. Na kijana yeyote anayeingia uani na simu mkononi, awe mpangaji au mgeni, kabla hajapewa kigoda anaulizwa swali moja na mwanamke mwenye pini za nguo mdomoni. Anazitoa kwanza ili asikike vizuri.

"Simu yako inaitwaje?"